Nilitoka kwenye kona ya Vladimir kwa "dakika tano": wikiendi ya pikipiki Urusi na Shangazi Leah

Duf-duf-duf. Kimya. Duf-duf-duf tena.

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mchana na wa shifti za usiku. Nilisikia sauti hiyo kabla sijamwona mtu wala chombo. Ilitoka chini ya dirisha langu, Peckham, Ijumaa moja ya Juni, jua la London likiwa ndiyo kwanza linapanda. Ilikuwa injini ya silinda moja, bado ya baridi, inazimika na kuwashwa upya na mtu asiye na haraka.

Nitakayoandika hapa yalitokea. Nimekaa nayo miaka mitano. Majina ya watu nimebadilisha, hata la yule mtoto, lakini miji ni ileile. Mtakaotaka kunitukana nitawasoma wote, ila naomba mfike mwisho kwanza.

Nikavuta pazia. Chini alikuwa Shangazi Leah, juu ya pikipiki yake nyekundu, kofia ngumu kichwani, begi la safari limefungwa nyuma kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Mwandishi! Umelala au unatunga?"

"Navaa viatu, Shangazi!"

"Vaa na akili pia. Ndege haisubiri sura ya kwanza."

Kwa wasiomjua: mwanamke wa Njombe, alikuwa anakaribia miaka hamsini. Aliwahi kusoma uuguzi Urusi, enzi za Muungano wa Kisovieti. London alikuwa analea wazee kwenye nyumba moja Kenton, na kwa kuwa basi la kwanza lilimchelewesha shifti, alijifunza pikipiki akiwa na miaka arobaini na tatu. Watu walicheka. Yeye akafaulu mtihani mara ya kwanza.

Peckham nzima ilimwita Shangazi. Hakuwa na mtoto ambaye tungemwita kwa jina lake. Hivyo ndivyo tulivyodhani.

Na mimi? Nilikuwa na miaka ishirini na sita, napeleka bahasha za mawakili kwa pikipiki katikati ya London, na Jumapili nasoma maandishi yangu kwenye kikundi chetu cha waandishi. Nilikuwa nimeanza riwaya nne, sijamaliza hata moja. Kwa mwaka mmoja nilihama vyumba vitatu. Nikikaa, miguu inawasha. Nikiondoka, naanza kuwaza kule nilikotoka. Kwenye taa nyekundu nilikuwa nazungusha mkono wa mafuta bure, injini inalia, watu wananitazama.

Nikadhani hiyo ndiyo alama ya msanii. (Wakuu, ukiwa na umri ule kila kasoro yako unaipa jina zuri.)

Safari yenyewe aliipanga Salim, Mkenya wa Mombasa, dereva mwenzangu wa bahasha. Alipata kampuni ndogo ya watu wa Moscow inayokodisha pikipiki na kuwatembeza wageni wikiendi moja kwenye miji ya kale: Vladimir, Suzdal, halafu kurudi. Wao ndio waliotoa barua ya mwaliko kwa ajili ya viza. Wa nne wetu alikuwa Papa Dodo, Mkongo wa Bukavu, msimamizi wa wafagizi Stratford, mtu mzito, mpole, anayeendesha pikipiki kama anabeba mayai.

Uwanja wa ndege, Salim kaenda kutafuta chai, Papa Dodo kasinzia. Shangazi akaniambia bila kunitazama:

"Unajua mimi nafuata nini huko?"

"Kuona ulikosoma."

"Nafuata kaburi."

Nikamgeukia.

Akanieleza kwa sentensi fupi fupi. Alipelekwa Suzdal kufanya mazoezi ya uuguzi hospitalini, mwaka wake wa mwisho. Alikuwa na mimba. Mwanaume alisharudi kwao. Mtoto alizaliwa kwenye baridi ya Februari, wa kike, akaitwa Vera, akaishi siku tisa. Shangazi mwenyewe alikuwa na homa kali, hajui usiku wala mchana. Aliyemwosha mtoto na kumzika alikuwa mfagizi wa hospitali, mama mmoja anaitwa Galina, ambaye baadaye alimchukua nyumbani kwake akamlisha mpaka akasimama. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu. Kabla haijayeyuka, chuo kikamwita Moscow, kisha akarudishwa nyumbani.

Kaburi halikuwa na jina. Aliyejua lilipo duniani ni Galina peke yake.

"Sasa amevuka themanini," alisema. "Macho yamekwisha, hawezi kuandika wala kuchora. Jirani ndiye ananiandikia. Binti yake anamhamishia mashariki ya mbali, siku nyingi kwa treni. Gari linakuja kumchukua kesho saa tisa alasiri. Amesema nikifika kabla ya hapo atanishika mkono anipeleke, maana miguu yake bado inakumbuka."

"Tutafika, Shangazi."

"Ratiba ya Salim inasema tutakuwa Suzdal saa sita."

"Basi una saa tatu nzima."

Akanipiga kidogo begani. "Wengine hawajui. Wewe nimekwambia kwa sababu wewe unanisikiliza."

Wakuu, mimi kweli nilimsikiliza. Lakini nasema ukweli: moyoni nilikuwa nashona sentensi.

Moscow tulilala chumba kimoja wanaume watatu, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa uani kwa kiongozi wetu, Kolya, kijana mrefu mwenye ndevu za rangi ya shaba. Alitupanga tukiwa tumeshavaa glavu, akaeleza sheria moja tu. Shangazi akatafsiri.

"Anasema hivi. Yeye anatangulia. Dodo ndiye mkia, anabaki wa mwisho siku nzima. Akifika kona, Kolya atamnyooshea kidole anayemfuata nyuma. Huyo anasimama pale pale, aonekane, awaelekeze wengine, na haondoki mpaka Dodo amepita. Hata ikiwa saa nzima. Hata mvua ikinyesha."

"Na haja ndogo?" Salim akauliza.

"Jikojolee. Lakini kona usiiache." Tukacheka. Kolya akacheka bila kuelewa. Shangazi akamalizia: "Na ukifika njia panda hukuti mtu wetu, maana yake ni moja. Nenda moja kwa moja. Usifikiri, usifungue ramani. Ukianza kufikiri umepotea."

Waendesha pikipiki wa misafara wanaijua. Ni mpango mzuri sana. Hauhitaji simu wala lugha. Unahitaji tu mtu anayeweza kusimama.

Tukatoka. Sitawachosha na uzuri wa barabara, ila nikae kimya kabisa itakuwa dhambi. Misitu ya miti myeupe pande zote, shina moja moja kama karatasi iliyosimamishwa. Vibanda vya kuuza masufuria na wanasesere. Malori makubwa yakitupita yanatupiga upepo wa vumbi. Kwenye kioo changu nilimwona Shangazi, mgongo umenyooka, haongezi wala hapunguzi. Mara mbili njiani nilitumwa kusimama kwenye kona, mara mbili Papa Dodo alinipita baada ya dakika moja mbili na kuniinulia mkono. Hakuna shida.

Vladimir tuliingia kabla ya saa tano. Mji umekaa juu ya kilima, na juu yake kanisa kubwa la mawe meupe, vichwa vyake vya dhahabu vinawaka hata chini ya mawingu. Foleni ilikuwa ya Jumamosi. Kolya, mimi na Salim tukapenya. Shangazi na Dodo wakakatwa na mabasi ya umeme.

Upande wa pili wa mji, njia ya Suzdal inakata kushoto. Barabara kuu inaendelea mbele, inakwenda mbali sana, mji mwingine kabisa. Kolya akanyoosha kidole: wewe, hapa. Mimi nikaegesha. Yeye na Salim wakakata kushoto, wakapotea.

Dakika tano. Kumi. Kumi na tano.

Baadaye nilijua kilichowachelewesha: begi la Shangazi lililegea ile kamba ya nguo, wakasimama kulifunga. Kitu kidogo hivyo. Lakini pale kwenye kona mimi sikujua. Nilisimama, nikakaa juu ya tangi, nikasimama. Nikahesabu malori. Nikasoma herufi za vibao nisizozielewa. Vidole vyote kumi vinacheza.

Kisha kwaya ikasikika kutoka kanisa dogo, pale juu ya mteremko, sauti za kiume nzito mno hata nilizihisi kwenye mbavu. Nikatazama barabara: hakuna pikipiki. Nikajiambia dakika tano. Nitaingia, nitaandika mistari miwili ya harufu ya ndani, nitarudi. Hii haiwezi kutungwa ukiwa Peckham, inabidi uivute puani.

Nikapanda pikipiki nikaondoka kwenye kona.

Ndani mlikuwa na nta, moshi mtamu, wanawake wa vitambaa vichwani. Niliandika kurasa tano. Wakuu, zilikuwa kurasa nzuri. Ninazo hadi leo na siwezi kuzisoma.

Nilipotoka, nusu saa ilikuwa imepita. Nikarudi mbio kwenye kona. Barabara tupu. Nikasubiri tena kama robo saa, nikaanza kuweweseka, nikajipa moyo: wamepita, Shangazi anasoma Kirusi, amekiona kibao, ameshafika, ameshashikwa mkono.

Nikakata kushoto.

Suzdal ni mji wa chini, nyasi nyingi, kila ukigeuka kuna kuba la kanisa, na akina mama wanauza matango ya chumvi kwenye ndoo kando ya njia. Kwenye kibanda cha chai nikamkuta Kolya na Salim. Wawili tu.

"Wako wapi?" Salim akauliza.

"Kwani hawajafika?"

"Bwana mwandishi, wewe ndiye uliyekuwa kwenye kona. Wamekupita au hawajakupita?"

Swali rahisi. Ningesema pale pale, Kolya angejua mara moja wamekwenda wapi: moja kwa moja, kama alivyowafundisha.

Nikasema: "Hawajapita. Nilikuwa pale muda wote. Nikadhani labda wametumia njia nyingine."

Salim akamweleza Kolya jibu hilo kwa ishara za mikono, na Kolya akaelewa kwamba wamekwama nyuma, ndani ya Vladimir. Simu zetu za London hazikuwa na mtandao huko, basi akawasha pikipiki akaenda kuwatafuta. Mbele, kule walikokuwa kweli, hakuna aliyekwenda.

Ilikuwa saa saba. Nikamwacha Salim na chai yake nikaanza kutafuta nyumba ya Galina, nimwombe asiondoke. Anwani alikuwa nayo Shangazi. Mimi nilikumbuka kitu kimoja alichowahi kusema, madirisha ya buluu. Wakuu, Suzdal nusu ya nyumba zina madirisha ya buluu, yamechongwa kama lesi. Nilikimbia mtaa hadi mtaa na buti za pikipiki, nagonga, nasema "Galina? Galina?" Wakatoka Galina watatu. Mmoja alikuwa na miaka kama thelathini, ananyonyesha. Mwingine alinipa tango.

Mvua ikaanza.

Saa kumi kasoro, nikiwa nimerudi kwa Salim kwenye kibanda, walitokea. Kwanza Shangazi, kisha Dodo, matope mpaka kwenye vioo. Hakusimama kwenye kibanda. Alipita mbele yetu moja kwa moja, sisi tukawasha na kumfuata, mpaka kwenye nyumba ambayo mimi nilikuwa nimeipita mara mbili. Madirisha yake yalikuwa ya kijani. Buluu ilikuwa ya zamani.

Yalikuwa yamefungwa kwa mbao.

Jirani akatoka, yule anayeandika barua. Walisemezana Kirusi. Shangazi alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Kisha akatugeukia, akatutafsiria, kama kazi.

"Anasema alikaa kwenye benchi hili tangu asubuhi, amevaa koti lake zuri. Binti akamwambia twende, akakataa. Dereva akapiga honi, akakataa. Mara ya tatu wakamwinua."

Papa Dodo alivua kofia yake, mvua ikampiga kwenye upara.

Tulikwenda makaburini. Jirani alijua tu kwamba ni upande wa miti. Miti ilikuwa kila upande. Makaburi ya watoto wasio na jina yalikuwa mengi, vilima vidogo vya nyasi, vingine vimeshuka vikawa sawa na ardhi. Shangazi alitembea katikati yake mpaka jua likakaribia kuzama, akiinama hapa, akiinama pale, hagusi. Tulimfuata mbali kidogo. Mwishowe akatoa kwenye begi kijisweta cheupe alichofuma mwenyewe, akakishika muda mrefu, akakirudisha begini.

"Siwezi kumwekea mtoto wa mtu mwingine," akasema.

Nikamfuata Papa Dodo kwenye geti.

"Papa, mlipita wapi?"

"Mbele tu, mwanangu. Kilomita karibu tisini, mupaka kituo ya mafuta. Pale ndiyo nikauliza mutu." Akanitazama, macho mekundu ya upepo. "Kwenye ile kona hakukuwa mutu. Miye niliangalia muzuri."

"Nilikuwepo. Labda lori lilinificha."

"Labda," akasema. Hakurudia tena neno lile, si Suzdal, si kwenye ndege, si London.

Naona kuna mkuu ameshaweka swali hapo chini wakati naandika: kwa nini hakumwandikia huyo bibi barua? Aliandika, mkuu. Jirani alikuwa na jina la mji tu. Barua mbili zilirudi, ya tatu haikurudi na haikujibiwa.

Sasa, funzo. Naliweka hapa katikati, kwa sababu nikishafika mwisho sitakuwa na la kuongeza.

Miaka ile niliamini kutotulia ni utajiri, kwamba mtu asiyekaa mahali ndiye anayeona. Leo nadhani kuna nyakati kazi yako yote duniani ni kusimama mahali ulipowekwa, uonekane, basi. Hakuna atakayekusifu. Wanaopita wanakuinulia mkono na kusahau. Na ukiondoka, hutajua umeondoa nini kwenye maisha ya nani mpaka afike na matope usoni.

Ndiyo sababu nimefungua uzi huu. Humu kuna wazee wetu waliosoma Urusi miaka hiyo. Kama kuna aliyepita Suzdal, aliyefanya mazoezi kwenye ile hospitali, anayejua watoto wachanga wa hospitali walizikwa sehemu gani ya makaburi, naomba aandike hapa au anitumie ujumbe. Hata kama ni kukumbuka ukuta tu, au mti. Na wengine nanyi semeni: mtu kama mimi mngemfanyaje? Sitajibu kwa kujitetea.

Nimalizie.

Wiki saba baada ya safari, Jumapili mchana, kikundi chetu kilikutana kama kawaida kwenye chumba cha nyuma ya saluni moja Peckham. Dryer zinavuma upande wa pili, harufu ya mafuta ya nywele, viti vya plastiki. Nilisoma sura mpya. Ndiyo, nilikuwa nimeandika. Mtoto sikumtaja, ila niliandika kijana aliyesimama kwenye kona ya mji wa kigeni, mvua inamnyeshea, hatingishiki, na wenzake wawili wakampita bila kumwona. Niliandika vizuri. Watu walifumba macho.

Shangazi Leah alikuwa mstari wa pili. Alikuja na sare yake ya kazi chini ya koti.

Makofi yalipotulia akasema, "Rudia pale kwenye kona."

Nikarudia.

"Mimi nilikiona kile kibao," akasema, polepole, bila kuinua sauti. "Suzdal, mshale wa kushoto. Nasoma Kirusi tangu wewe huna meno. Nilipunguza mwendo, nikasimama kabisa, mpaka Dodo akanipigia honi. Nikajiambia, hapana. Kama njia ingekuwa hii, mwanangu angekuwa amesimama hapa. Anajua nafuata nini. Hawezi kuondoka."

Mtu mmoja akazima simu yake. Dryer zikaendelea.

"Nikaenda mbele kwa sababu nilikuamini wewe kuliko macho yangu. Sasa nakuuliza mara moja. Ulikuwepo?"

Nilitazama karatasi. Nilitafuta sentensi.

"Sikuwepo, Shangazi. Nilikwenda kusikiliza kwaya."

Aliitikia kwa kichwa, vilevile alivyokuwa akimwitikia yule jirani wa Galina. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha juu. Akachukua kofia yake ngumu chini ya kiti.

"Basi andika hivyo," akasema.

Nikainuka. Papa Dodo, aliyekaa karibu nami, akanishika mkono wa shati, si kwa nguvu, akanikalisha. Shangazi akapita katikati ya viti, watu wakivuta magoti kumpisha, akasukuma mlango, akatoka.

Ulikuwa mlango wa chuma, wenye ule mkono wa juu unaourudisha taratibu. Tuliutazama sote ukirudi, kidogo kidogo, mpaka ukajifunga.